Hatuuzi kode yetu kwa tisheti

Vijana wenzetu,

Tisheti tunazijua. Kila kampeni zinagawanywa, watu wanavaa, na barabara inabaki na mashimo yake. Sasa tumezikuta hata kwenye programu huria, na tunasema hapana.

Oktoba 2020 tukio la Hacktoberfest, la kampuni DigitalOcean, liliahidi tisheti kwa mtu atakayetuma marekebisho manne kwenye miradi ya wazi. Ikawa nini? Takataka! Mtu anaongeza neno moja la sifa kwenye faili ya maelezo, anatuma, anahesabu: moja. Wenye kuchunga ile miradi, wengi bila mshahara, wakashinda wanafuta. Tarehe 3 tu, waandaaji wakabadilisha sheria: mradi ambao haukukubali wenyewe kushiriki, hauhesabiwi.

Na tusiwacheke wengine. Kati yetu pia kuko waliotuma vile vile.

Tuko na diplome kwenye sanduku. Tukiomba kazi wanatuuliza uzoefu, halafu nafasi inapita kwa mtoto wa shangazi. Lakini historia ya mradi wa wazi haiulizi wewe ni wa nani. Jina, tarehe, mstari ulioandika: vyote vinabaki pale, mtu wa Kinshasa ao wa Berlin anavisoma. Njo maana inatuuma mtu akijaza jina lake uchafu.

Kwa hiyo, mbele ya kutuma, soma kanuni za mradi. Hakikisha kosa linatokea kwenye mashini yako. Sema toleo gani, ulifanya nini, uliona nini, ulingojea nini. Kosa moja kwa safari moja. Na kama ni ChatGPT njo imeandika, na wewe hauwezi kueleza mstari wa tatu, baki nayo. Desemba 2022 Stack Overflow ilikataza majibu ya namna hiyo: yanapendeza macho, lakini mengi ni ya uongo.

Na ninyi wenye kuchunga miradi: mgeni akikosea, mwambieni kinachokosekana mbele ya kumfungia mlango. Pengine alingoja kura irudi usiku, akamaliza mega zake za mwisho ju ya mistari sita ile.

Sisi tunaanza hivi: kila mmoja achague programu moja anayoitumia kweli, atafute kosa moja. Jumamosi tunasomeana. Hakuna kutuma mbele mwenzako hajaijaribu kwenye mashini yake.