Programu Isiyohitaji Kuibiwa

Jamani, hapa Mirongo ingia stesheneri kuchapa barua, halafu uliza kama programu zilizomo kwenye kompyuta zimenunuliwa. Utachekwa. Tumeshazoea. Programu nzuri ni bei mbaya, kwa hiyo tunachukua ya wizi na kujitetea kwamba hatuna njia nyingine.

Mimi nasema, kwa kazi nyingine njia ilikuwepo tangu 1985.

Mwaka huo Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, kilichoko Atlanta, kilitoa programu iitwayo Epi Info. Haikuuzwa. Ruhusa ya kuinakili, kuigawa na hata kuitafsiri ilikuwa wazi. Toleo la 5, la 1990, lilitoka kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. La 6 likafuata 1994. Kuchapa maandishi, kanzidata na takwimu, vyote ndani ya flopi chache, kwenye kompyuta ya DOS.

Niliiona kwenye kompyuta chakavu ya mzee mmoja mtafiti mstaafu. Kilichonivutia ni urahisi wake. Unafungua ukurasa mtupu na kuandika dodoso kama unavyoandika barua: Jina ________, Umri ##. Mstari ni nafasi ya maneno, alama mbili za # ni nafasi ya namba yenye tarakimu mbili. Ukishahifadhi, kutokana na ukurasa ule ule programu inakutengenezea kanzidata. Yaani anayejua kuuliza swali, kanzidata anayo.

Na swali unaliuliza kwa Kiswahili, mashine haina neno. Kasoro ni moja: swali la ndiyo au hapana lilitaka ujibu Y au N. Kwetu sisi N si ndiyo hiyo "ndiyo"? Hapo karani akijisahau, wagonjwa wote wanageuka wazima!

Kwa mtu wa Mirongo hayo si mambo ya mbali. Mto wenye jina la kata yetu unapita katikati ya mji, na mvua ikinyesha unabeba uchafu hadi ziwani. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoani, na Mwanza hatukusalimika. Ugonjwa kama huo unakamatwa kwa kuhesabu: nani ameugua, anachota maji wapi, na jirani yake mzima anachota wapi. Daftari litatunza majibu, ila kuyalinganisha kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na kipindupindu hakisubiri.

Mwaka 2000 Epi Info ilihamia Windows na kuanza kutumia mafaili ya Microsoft Access. Wadenmark wakaona ule urahisi usipotee, wakatengeneza EpiData, nayo ya bure.

Sasa rafiki yangu alimaliza chuo akijua programu moja tu ya takwimu, ya bei mbaya, kwa nakala ya wizi. Siku ilipogoma, utafiti wake nao ukagoma. Alinilalamikia umaskini. Nikamwambia, umaskini gani wakati hakuwahi kuambiwa kuna ya bure?

Walimu, fundisheni za bure kwanza. Na ninyi vijana wa kompyuta, tuandikieni inayojua kwamba N ni ndiyo.

Au mnasemaje?