Madereva Waulizwe Kabla ya Amri

Katika jiji la London hapana mtu awezaye kuchukua abiria kwa ujira pasipo leseni, na leseni hiyo haitolewi na halmashauri ya mtaa anaokaa, bali na mamlaka moja ya usafiri ya jiji zima, Transport for London, iliyopokea kazi hiyo kutoka mikononi mwa polisi mwaka 2000; lakini barabara anazopita dereva huyo, mahali anaporuhusiwa kusimama, na njia za mitaani anazofunguliwa au kufungiwa, aghalabu zimo katika amri ya halmashauri 32 za manispaa pamoja na lile Jiji la kale la City of London, kila moja na madiwani wake, makarani wake na kamera zake. Kwa hiyo dereva mmoja ana mabwana wengi, na kila bwana, kabla ya kutoa amri mpya, kwa kawaida hutakiwa kutafuta maoni ya watu watakaoguswa na amri hiyo. Naandika juu ya namna waulizwavyo madereva, hasa wale wa magari ya kukodi, ambao miongoni mwao wamo ndugu zetu waliotoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Barawa, Kampala na Bukavu, na ambao kwa maoni yangu wameachwa nje ya mlango wa baraza linalokata shauri la riziki yao.

Yafaa msomaji aliye mbali ajue kwamba kazi hii ina matabaka mawili. La kwanza ni la teksi nyeusi, ambazo mtu huzisimamisha barabarani kwa kunyoosha mkono, na ambazo madereva wake, tangu mwaka 1865, hawapati leseni mpaka wamehifadhi mitaa ya jiji kwa moyo: mitaa ipatayo 25,000 ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, elimu ambayo humchukua mwanafunzi miaka mitatu, minne na hata zaidi. La pili ni la magari ya kukodi, yaliyoingizwa katika sheria kwa mara ya kwanza mwaka 1998, ambayo hayaruhusiwi kuokota abiria njiani ila kwa miadi inayopitia kwa kampuni yenye leseni, zamani kwa simu ya ofisi ya mtaani na siku hizi kwa programu ya simu ya mkononi. Madereva wa teksi leo hawafiki elfu ishirini. Wa magari ya kukodi wamepita laki moja. Hata hivyo kila linapotajwa neno la biashara hii katika ukumbi wa halmashauri, sauti isikikayo kwanza ni ya wale wachache.

Sisemi hivi kwa husuda. Wenye teksi wamejipatia heshima hiyo kwa jasho na kwa umoja. Wana vyama vya miaka mingi, wana mawakili, na wanajua kusoma ilani ya serikali kabla wino wake haujakauka. Walipofungiwa barabara ya Bishopsgate katika mpango wa siku za maradhi ya korona, walikwenda mahakamani, na Januari 2021 Mahakama Kuu ikawapa haki. Na ijapokuwa Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo Julai mwaka ule ule, hapana diwani aliyebaki London asiyejua kwamba watu wale wana kauli. Tazama pia njia panda ya Bank, katikati ya City of London, ambako mwendesha baiskeli mmoja aligongwa na lori akafa mwaka 2015. Mei 2017 wenye mji wakaifunga njia hiyo kuanzia saa 1 asubuhi hata saa 1 usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, wakaacha mabasi na baiskeli tu. Wenye teksi hawakuchoka kuulizia shauri lao mwaka hata mwaka, wakiwataja vilema na wazee wasioweza kutembea, mpaka Juni 2024 baraza la mji likapiga kura ya kuwarudisha kwa majaribio, na mwaka 2025 wakaanza kupita. Katika mjadala huo wa miaka saba swali lililosikika zaidi lilikuwa teksi zipite au zisipite. Dereva wa gari la kukodi, anayewachukua wazee na wagonjwa wale wale, yeye hakurudishwa.

Sheria ya Uingereza haikosi insafu katika jambo hili, na ajabu ni kwamba insafu hiyo ilizaliwa katika mitaa ambayo sisi wenyewe tunaikaa. Katika mwaka 1985 wazazi wa Brent, waliokuwa wakipinga mpango wa halmashauri yao juu ya shule za mtaa, walimfanya hakimu wa Mahakama Kuu akubali kanuni nne ambazo mpaka leo ndizo kipimo cha mashauriano yote: kwamba watu waulizwe wakati shauri lingali changa, halijakatwa, kwamba waelezwe sababu kwa kadiri ya kuwawezesha kufikiri na kujibu, kwamba wapewe muda wa kutosha, na kwamba majibu yao yapimwe kwa dhamiri safi kabla ya uamuzi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilizithibitisha kanuni hizo katika kesi iliyotoka Haringey, ambako halmashauri, ilipokuwa ikiwauliza wakaaji wake juu ya kupunguza msaada wa kodi, ilionyesha kana kwamba hapakuwa na njia nyingine ila ile iliyokwisha ichagua. Na Mei 2025 halmashauri ya Lambeth iliambiwa na Mahakama Kuu kwamba ilivunja sheria ilipofunga mitaa ya West Dulwich pasipo kuupima inavyostahili waraka ulioletwa na wakaaji. Brent, Haringey na Lambeth si majina mageni kwetu. Ni mahali tunapooa, tunapozikana na tunaposomesha watoto.

Lakini ziko njia halali za kuizunguka roho ya kanuni hizo, na iliyo maarufu zaidi kwa dereva ni amri ya majaribio. Kwa amri ya namna hii halmashauri yaweza kufunga mtaa leo, ikautia kamera na mabango, na kuuacha umefungwa hata miezi 18, huku miezi 6 ya mwanzo ikihesabiwa kuwa ndiyo nafasi ya watu kutoa pingamizi zao. Tangu mwaka 2020 mitaa mingi ya London imefungwa kwa njia hiyo ili kupunguza magari yanayokatiza makwao watu, na nia hiyo, naungama, ni njema, kwa maana watoto wa mitaa hiyo ni watoto wetu pia na hewa wanayovuta ni yetu sote. Lakini dereva aliyezoea kumpeleka mgonjwa wa figo hospitali kwa njia ya robo saa, akakuta njia imefungwa na ramani ya simu yake haijapata habari, yeye huletewa bahasha ya faini ya pauni 160, ambayo hupungua nusu akilipa ndani ya siku 14, na hiyo bahasha ndiyo aghalabu huwa mwaliko wake wa kwanza kwenye mashauriano. Pauni 80 kwa mtu ambaye huenda siku nzima, baada ya kutoa kamisheni ya kampuni, bima, na kodi ya gari, hakubakiwa na nyingi kuzidi hizo, ni adhabu ya kazi ya siku. Na aliyekwisha adhibiwa hata akiulizwa maoni hujibu kwa hasira, na jibu la hasira ndilo rahisi kulitupa kapuni.

Liko kosa kubwa kuliko hili, nalo ni kudhani kuwa ukiisha sikiliza makampuni umesikiliza madereva. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri ilipoweka mbele ya watu mapendekezo yake juu ya magari ya kukodi, mojawapo likiwa abiria asianze safari kabla ya dakika 5 kupita tangu alipoagiza gari, kampuni ya Uber iliwaita abiria wake kutia sahihi, na watu zaidi ya laki moja wakatia. Na Januari 2016 pendekezo la dakika 5 likaondolewa pamoja na mengine. Natija ile yaweza kuwa ilikuwa njema. Lakini nani aliyesema siku ile? Alisema tajiri, na alisema abiria. Dereva alitajwa tu. Miaka mitano baadaye, tarehe 19 Februari 2021, Mahakama ya Juu ilikata kauli katika daawa ya madereva juu ya Uber kwamba wao ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, jambo ambalo kampuni ililikanusha toka mahakama ya chini mpaka ya juu kabisa. Watu wawili waliofikishana mahakama ya mwisho ya nchi juu ya ujira, je, mmoja wao aweza kuwa msemaji wa mwenziwe?

Nyumbani pia tumeyaona. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini ya Tanzania, LATRA, ilipoweka kikomo cha kamisheni ambayo kampuni za programu zaweza kumkata dereva kuwa asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma zake nchini mwezi wa Aprili, ikarudi Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa kufikia asilimia 25. Kampuni ina uwezo wa kuondoka, na kuondoka kwake ni hoja inayosikika hata wizarani; dereva wa Sinza au Mbagala mwenye mkopo wa gari hana pa kuondokea. Wa Wembley na Peckham hali yake ni hiyo hiyo.

Hapa London, matokeo ya kutosikilizana yalionekana wazi katika ushuru wa msongamano. Ushuru huo ulipoanza Februari 2003 magari ya kukodi yalisamehewa kama teksi; mwaka 2018 yakaletwa mashauriano ya kuuondoa msamaha, na tarehe 8 Aprili 2019 ukaondolewa, isipokuwa kwa magari yenye nafasi ya viti vya magurudumu, ikawa dereva anayeingia katikati ya jiji alipe pauni 11.50 kwa siku hali teksi haina la kulipa. Madereva walijibu maswali, walikusanyika, waliziba njia karibu na London Bridge, na chama chao kikaenda mahakamani kikionyesha kwamba mzigo ule unawaangukia zaidi watu weusi, Waasia na jamii nyingine za wachache, ambao ndio wengi katika magari ya kukodi, hali wengi wa wenye teksi ni Wazungu. Wakashindwa mwaka 2019, wakashindwa tena katika rufani. Mahakama ziliona kuwa kupunguza msongamano ni sababu ya kutosha, nami siwezi kujifanya mjuzi kuliko mahakimu. Lakini kushinda kesi si sawa na kuwa umewaelewa watu, na jiji lililoweza kutafuta njia ya kati, labda kuitoza kampuni kwa kila safari badala ya kumtoza dereva kwa kila siku, lingeweza kuisikia njia hiyo mapema zaidi kama lingekwenda kuketi na madereva wakati shauri lingali changa.

Waulizwe basi wapi, na vipi? Si kwa dodoso la kurasa nyingi katika intaneti lililoandikwa kwa lugha ya mawakili, lenye kufunguliwa wakati wa likizo na kufungwa kabla habari zake hazijafika. Dereva hufanya kazi usiku, hulala asubuhi, na mikutano ya halmashauri huitishwa jioni, saa ambayo abiria ni wengi. Waendewe uwanja wa kungojea magari huko Heathrow, waendewe msikitini baada ya Ijumaa na kanisani baada ya ibada, waendewe kwenye vituo vya kuchajia magari ya umeme ambako hukaa nusu saa bila kazi. Nimesikia hoja kwamba hakuna haja ya wakalimani, maana tangu mwaka 2016 kila mwombaji wa leseni hutakiwa kuthibitisha Kiingereza chake. Hoja hii haina uzito; Kiingereza cha kumhudumia abiria kwa adabu na usalama ni kimoja, na Kiingereza cha ilani ya barabara, ambacho hata Mwingereza aliyesoma hukisoma mara mbili, ni kingine. Na majibu yakiisha kusanywa, halmashauri irudi pale pale ilipowauliza watu, iwaambie lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani.

Upande wetu nao una deni. Wengi wetu tumezoea kunung'unika garini na kunyamaza barazani, tukisema mambo ya Wazungu yamekwisha katwa. Ndugu dereva, ilani inapotolewa, jibu, hata kwa mistari mitatu, utaje mtaa, saa, abiria wako ni nani na umepoteza nini, kwa kuwa madai yenye ushahidi ndiyo ambayo hakimu atauliza kama yalipimwa. Na ujiunge na chama, kwani barua ya mtu mmoja husahaulika. Tena ujue kwamba mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda anayeishi Uingereza kwa idhini, kwa kuwa nchi hizo zimo katika Jumuiya ya Madola, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura ya kuwachagua madiwani wa manispaa yake kila baada ya miaka minne, bila ya kungojea uraia. Jiandikishe, na mgombea atakapokuja mlangoni kukuomba kura yako, mwulize ni lini mara ya mwisho halmashauri yake iliketi na madereva wa magari ya kukodi kabla ya kufunga barabara.