Kushika Spana Siyo Kufulia

KUNA video ya dakika mbili na ushee imewatoa watu povu mitandaoni. Ndani yake yumo dada mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, amechuchumaa uani kwake na kanga kiunoni, kandambili miguuni, spana mkononi. Mbele yake skuta nyekundu imesimama kwenye stendi ya kati, na chini yake beseni kuukuu linapokea oili nyeusi tii. Hakuna meki-apu, hakuna muziki, hakuna pozi. Anamwaga oili, basi.

Komenti zilizofuata sasa! "Dada kafulia huyo, lile gari jeupe liko wapi?" "Mshua kasepa, ndo matokeo yake." "Staa mzima unashika grisi, si umpe fundi elfu tano tu?" Kaka mmoja wa vichekesho, mwenye wafuasi kibao, akaichukua video ile na kuigiza, kajifunga kanga na kujipaka masizi usoni. Watu wakacheka mpaka basi.

Haya, kicheko kimeisha. Swali linabaki: hapo aliyefulia ni nani?

Mwenyewe alieleza kilichomfikisha pale kwenye video ya pili, ambayo bahati mbaya haikupata hata robo ya watazamaji wa ile ya kwanza. Skuta yake ilianza kukosa nguvu. Akiongeza resi, injini inanguruma kama inataka kupaa, lakini chombo chenyewe kinajikokota, hasa kwenye mlima. Akaipeleka gereji. Akaambiwa mkanda umekwisha, plagi imekufa, na kabureta inataka kusafishwa. Akatoa shilingi 95,000, akakabidhiwa funguo, akaenda zake. Hakuonyeshwa mkanda wa zamani wala hakuuomba.

Wiki mbili baadaye, saa nne usiku, mkanda ukakatika Barabara ya Morogoro. Mtoto wa kike peke yake, simu ina chaji asilimia chache, akaikokota skuta mpaka Magomeni. Kesho yake fundi mwingine akafungua kava la pembeni na kumtolea mkanda vipande vipande: umelika ubavuni, una nyufa kila mahali, ni wa siku nyingi. Kwa maneno mengine, alilipia mkanda ambao haukuwahi kufungwa.

Aliporudi kule gereji kudai haki yake, hakupewa hata pole. Alijibiwa: "Dada, kwani wewe unajua nini kuhusu skuta?"

Swali hilo ndilo lililomshikisha spana. Siyo mshua, siyo gari jeupe. Na kusema ukweli, ni swali ambalo wadada wengi wa mjini wameshaulizwa kwa namna moja au nyingine, na wakaka nao wakaulizwa kimyakimya, maana mwanaume akiwa hajui huwa anatingisha kichwa tu na kulipa.

Sasa tazama jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Skuta nyingi za hapa mjini hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Nguvu ya injini inakwenda kwenye tairi la nyuma kupitia mkanda wa mpira unaozunguka kwenye puli mbili. Ndani ya puli ya mbele kuna rola ndogo. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinasukumwa nje, puli inajibana na mkanda unapanda juu, chombo kinaongeza mwendo. Mkanda ukilika unakuwa mwembamba, unateleza, na ndipo unapopata kelele nyingi mwendo kidogo. Hiyo ndiyo dalili aliyokuwa nayo. Angelijua hilo, angesema neno moja tu pale gereji: "Fundi, nipe na ule wa zamani niondoke nao." Neno hilo halihitaji cheti cha VETA, na lingemwokolea 95,000 yake.

Halafu wanaosema skuta na grisi haviendani na ustaa, warudi kidogo nyuma. Vespa ilitoka Italia mwaka 1946, nchi ikiwa hoi baada ya Vita Kuu ya Pili na kiwanda cha Piaggio pale Pontedera kikiwa kimepigwa mabomu. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Injini akaifunika ili nguo za mpandaji zisichafuke, na tairi la mbele akalishikiza upande mmoja tu, kama magurudumu ya ndege, ili likipata pancha lifunguke kwa urahisi. Yaani chombo hiki tangu kuzaliwa kwake kilimfikiria mtu wa kawaida, mwenye nguo safi na hela ya mawazo, ambaye pengine atalazimika kujitengenezea njiani. Miaka saba tu baadaye, 1953, Audrey Hepburn akazunguka nayo Roma kwenye filamu ya Roman Holiday, na filamu hiyo ikampa Oscar. Hivyo umaskini na ustaa vimepanda skuta moja zamani sana. Zanzibar nako wapo wanaoita kila skuta vespa, hata kama imetoka Japani.

Tuje kwenye hela, maana ndiko wanakocheka. Ni kweli kumwaga oili gereji siyo gharama kubwa. Lakini anayengoja fundi mara nyingi anangoja pia nafasi, mshahara na mvua ikatike. Oili inapitiliza mwezi, inakuwa miwili, inapungua bila mtu kuangalia, na injini inajisaga kimyakimya. Hapo ndipo bili inapohama kutoka kwenye chupa moja ya oili kwenda kwenye pistoni na ringi. Akiba ya kujitengenezea haipo sana kwenye ile elfu tano ya fundi. Ipo kwenye macho yanayoangalia chombo kila wiki.

Na mambo ya kuangalia hayazidi vidole vya mkono mmoja. Upepo wa tairi, upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Oili, skuta ikiwa stendi ya kati mahali tambarare, kwa kijiti chake na kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu chake. Chujio la hewa, maana kwa vumbi la mitaa ambayo haijaona lami linaziba haraka kuliko kitabu kinavyosema. Plagi, ambayo ukiifungua inajieleza yenyewe: kahawia hafifu ncha yake, mambo safi, nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanazidi hewa, pengine chujio limeziba, imelowa oili, hapo injini inaanza kula oili na ni wakati wa kumwona fundi. La mwisho ni vichwa vya betri, visiwe na ule unga wa kijani au mweupe. Vifaa vyake ni spana chache, spana ya plagi, bisibisi na kipimo cha upepo. Kariakoo unavipata vyote kwa bei isiyofika kiingilio na vinywaji vya usiku mmoja kwenye kiwanja cha maana.

Lakini utetezi nao una mipaka, na dada huyu hakufanya kila kitu sawa. Kama kuna wa kumkosoa, amkosoe kwa haya. Kandambili na kanga inayoning'inia jirani na ekzosi iliyotoka kuzimwa ni kutafuta kuungua. Oili humwagwa injini ikiwa vuguvugu, siyo ya moto. Ile nati ya kumwagia aliikaza kwa kuning'inia kwenye spana, wakati sehemu inapoingia ni alumini; nyuzi zikikatika pale, gharama yake inafuta akiba ya mwaka. Tena video inakatika bila kuonyesha oili chafu ilikwenda wapi. Kama ilikwenda mtaroni, hilo ni kosa kweli. Inatakiwa kwenye dumu na kupelekwa gereji wanakoikusanya.

Kubwa kuliko yote ni breki. Hapo hata mtu wa kubana matumizi aache ubishi. Kuangalia kama pedi zimekwisha, sawa. Kufungua mfumo wa breki kwa kufuata klipu ya sekunde thelathini, hapana. Oili ukikosea unaharibu injini, lakini breki ukikosea anaumia mtu, na huenda asiwe wewe.

Wapo pia waliomshambulia kwa hoja nzito kidogo: kwamba staa akijitengenezea, anawanyima mafundi riziki. Hoja hii ina huruma ndani yake, ila haijakaa sawa. Mkanda bado utafungwa na fundi, breki na kabureta vilevile. Na kumbuka, aliyemfundisha dada huyu kushika spana ni fundi, yule wa pili aliyemtolea vipande vya mkanda. Alimwita kijana wake akamwambia amwonyeshe dada kila kitu. Leo skuta ile haiguswi na mtu mwingine, na mashoga zake wawili wamehamia gereji hiyohiyo. Mteja anayejua hamuui fundi mwaminifu. Anayekosa usingizi ni yule wa "wewe unajua nini".

Na yule kaka wa vichekesho? Kurasa yake imejaa picha ameegemea magari ya bei mbaya. Wenye macho wameshaona: kila wiki gari jingine, namba nyingine, na hakuna hata picha moja akiwa anaendesha. Hakuna ubaya kuegemea gari la watu, kila mtu na kazi yake ya sanaa. Ubaya ni kumcheka mwenye chake anayekitunza kwa mikono yake.

Mjini hapa tumezoea kuona aibu mahali pasipo na aibu. Kukopa ili uonekane, sawa. Kupigwa 95,000 na kunyamaza ili usionekane mshamba, sawa. Kuinama uani na kumwaga oili yako uliyoinunua kwa hela yako, hiyo ndiyo kufulia!

Chini kabisa ya video ile, baada ya matusi na vicheko vyote, kuna komenti ya binti anayejitambulisha kuwa ni muuguzi na hutoka zamu usiku wa manane. Haina emoji hata moja. Ameandika tu: "Dada, na yangu inanguruma haiendi. Huo mkanda unauangaliaje?"

Alijibiwa ndani ya dakika kumi.

Haya wadau, ni kufulia au ni akili ya maisha? Tupia maoni yako hapo chini, ila kabla hujamcheka mtu, nenda kwanza kapime oili yako.