Usiitupe kompyuta, panga kicheza video kwanza

Wasomaji wangu, leo nina ubishi. Ukipita Moi Avenue pale Nairobi utaona vipakatalishi vilivyokwisha kutumika Ulaya, vile tunavyoviita ex-UK, vikiuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuchangiwa na shangazi zake. Mashine nyingi kati ya hizo ni ngumu kuliko mpya za plastiki. Lakini baada ya miezi miwili mwenyewe anarudi kwa fundi: "Hii imezeeka, video inakwama, feni inalia kama mashine ya kusaga mahindi." Na fundi, badala ya kuangalia, anamwambia anunue nyingine.

Mimi nasema hapana. Mara nyingi kilicho kibovu ni mpangilio wa programu, si kompyuta.

Chukua chipu ya michoro ya Intel HD 4000, ya mwaka 2012. Chipu hii ina saketi maalum ya kufungua video za H.264, na huifanya kazi hiyo bila jasho. HEVC, VP9 na AV1 haizijui kabisa. Sasa YouTube ndani ya kivinjari mara nyingi hukuletea VP9 au AV1. Chipu inakaa bure, prosesa inabeba mzigo wote peke yake, feni inaanza kulia, betri inakwisha kabla ya somo. Kisha tunailaumu mashine!

Ndiyo maana napendekeza mpv. Ni programu huria yenye ukoo mrefu: MPlayer ilianza Hungary mwaka 2000, ikazaa mplayer2, na kutoka hapo mpv ikajitenga mwaka 2012. VLC nayo, iliyoanza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, ni nzuri na siitukani hapa. Ila mpv haina menyu za kupotea ndani yake. Mambo yote yako katika faili moja ya maandishi, na faili ya maandishi unaweza kumtumia mwenzako kwa simu.

Je, uikompaili mwenyewe? Hapa ndipo watu hudanganyana sana. Kuna wanaoamini kwamba programu uliyojijengea nyumbani itakimbia mara mbili. Haitakimbia. Kazi nzito hufanywa na FFmpeg, na sehemu zake muhimu tayari zimeandikwa kwa mkono kwa lugha ya asembli, nazo hujichagua zenyewe kulingana na prosesa iliyopo. Bendera zako za -O3 hazitaongeza cha maana. Kupunguza kasi, hilo unaweza kabisa! Ukikosa nasm, configure ya FFmpeg itagoma na kukutajia --disable-x86asm kama njia ya kupita, huku ikikuonya wazi kwamba utapata kitu kilema. Watu huiweka bendera hiyo ili tu kosa liondoke, halafu wanaandika kwamba Linux ni nzito. Sakinisha nasm, mambo yaishe.

Mtego wa pili ni wa kimya, na mimi nauona mbaya zaidi. mpv hujengwa kwa Meson, na vipengele vingi viko kwenye hali ya "auto": kikipatikana kinaingia, kisipopatikana kinarukwa bila kelele. Usipokuwa na libva-dev, ujenzi utakamilika vizuri, video itacheza, lakini VA-API haitakuwemo, na chipu yako italala usingizi milele. Soma muhtasari ule wa mwisho wa meson setup. Ni mistari michache, na hakuna anayeusoma.

Kwa nini basi ujenge? Kwanza, ghala la distro huachwa nyuma. Debian 12 ya mwaka 2023 ilikuja na mpv 0.35. Pili, na hii nawaambia wanafunzi wa kompyuta: kabla ya kuandika programu nyingine ya orodha ya kazi, jenga kitu hiki mara moja. Utaona maktaba zinavyotegemeana: FFmpeg, libass ya manukuu, libplacebo ya kuchora picha. Kuna skripti za mpv-build zinazokusanya zote, amri ni./rebuild -j4 na unaenda kupika chai. Ukichukua msimbo wa FFmpeg mwenyewe, tumia git clone --depth 1, maana historia yake ni ndefu na bando ni lako.

Haya, faili yenyewe, ~/.config/mpv/mpv.conf, kwa mashine ya umri huo:

hwdec=auto-safe
profile=fast
save-position-on-quit=yes
ytdl-format=bv*[height<=480][vcodec^=avc1]+ba/b

Mstari wa kwanza ndio roho ya jambo, kwa sababu mpv haitumii chipu mpaka uiambie. Wa pili unahitajika tangu toleo la 0.37 la Novemba 2023, lilipopandisha ubora wa chaguo-msingi. Vizuri kwa kompyuta mpya, mzigo kwa ya zamani. Wa tatu ni kwa ajili ya mtu anayehamia meza nyingine: ukifunga programu, inakumbuka ulipofika. Wa nne unamwambia yt-dlp alete H.264 isiyozidi 480, kwa hiyo chipu inafanya kazi na bando linadumu. Lakini yt-dlp yenyewe ipate kutoka kwa waundaji wake na uisasishe mara kwa mara. Ile ya ghalani huharibika upesi.

Sasa cheza video na ubonyeze herufi i. Takwimu zitakuonyesha kama hwdec inafanya kazi na fremu ngapi zimeangushwa. Ikiwa hakuna kitu, endesha vainfo. Kwa chipu za enzi hiyo dereva ni i965-va-driver, na intel-media-va-driver ni ya zilizofuata, kuanzia Broadwell. Niko tayari kubishana na yeyote, lakini aje na takwimu hizo mkononi, si "naona kama inakwama".

Na walimu wenye maabara za shule, kabla ya kuandika barua ya kuomba mashine mpya: faili hiyohiyo ukiiweka /etc/mpv/mpv.conf inawahudumia watumiaji wote wa kompyuta hiyo. Ukiwa umeijenga mwenyewe chini ya /usr/local, iweke /usr/local/etc/mpv/mpv.conf, la sivyo haitasomwa.