Nyamirambo: Je, wapangaji watasalia mji ukibadilika?

Kigali inazidi kupanuka, na vitongoji vyake vikongwe vinakabiliwa na swali zito: nani atabaki humo baada ya nyumba za zamani kubomolewa? Hakuna mahali ambapo swali hilo lina uzito kuliko Nyamirambo na jirani yake Biryogo.

Historia ya eneo hilo inakaribiana na ya mji wenyewe, ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907. Askari, makarani na wafanyabiashara waliotoka pwani walileta Kiswahili na Uislamu. Baadaye utawala wa Ubelgiji uliwatenga katika kambi ya Waswahili huko Biryogo na kudhibiti nyendo zao. Kwa kukosa mashamba, wengi walishika biashara, ushonaji na udereva.

Kambi hiyo ya kutengwa ikageuka kitongoji cha kupokea wageni. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kuna familia za Kiislamu zilizowaficha majirani zao. Leo wanaoishi humo ni watu wa dini zote, na wengi wao huteremka mjini kila alfajiri kwa basi, pikipiki au miguu. Kodi nafuu na ukaribu na kazi ndivyo vinavyowaweka hapo.

Kigali imekwisha kujaribu njia mbili za kubadili makazi ya zamani. Mwaka 2022 wakazi wa Kangondo na Kibiraro, eneo lililoitwa Bannyahe, walihamishiwa Busanza, mbali na shughuli zao. Baadhi yao walikuwa wamedai fidia ya fedha badala ya nyumba. Huko Mpazi, tarafani Gitega, wenye viwanja walivitoa na kupewa nyumba za ghorofa papo hapo.

Njia ya Mpazi inahifadhi ujirani, lakini inamlinda kwanza mwenye hati ya ardhi. Mpangaji hana kiwanja cha kubadilisha. Kodi ikipanda, fundi cherehani na dereva watasogea pembezoni, na nauli itakula ujira wao.

Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Lugha hiyo ilikua katika vichochoro vya Biryogo, na heshima iliyopewa itapungua iwapo waliokilea Kiswahili humo watakosa pa kupanga.