Orphée Haihitaji Mkalimani

Eti mtu hawezi kuielewa Orphée ya Jean Cocteau kama hajasoma visasili vya Wagiriki. Kauli hiyo imezoeleka mno, na hivi karibuni ilirudiwa na msomi aliyepewa kipaza sauti hata kabla taa hazijazimwa. Watu wakaanza kutazama filamu wakiwa wamekwisha kutishwa.

Ni upuuzi mtupu. Filamu hiyo ya 1950 inamshika mtazamaji kwa macho na masikio. Mshairi Orphée anavaa glavu za mpira, ananyoosha mikono, na kioo, mlango wa kuzimu, kinaipokea kama maji. Kilichotumika ni zebaki, na mikono ile inapozama kila mtu hushtuka, awe amesoma au hajasoma. Redio ya gari inatamka sentensi zisizo na kichwa wala miguu. Mfaransa wa wakati ule hakuhitaji kitabu: wakati wa vita alikuwa amesikia BBC ya London ikiwatumia wapiganaji wa siri jumbe za namna hiyo hiyo. Hata kuzimu kwenyewe ni magofu halisi ya chuo cha kijeshi cha Saint-Cyr, kilichopigwa mabomu.

Tena kisasili humpoteza anayekishikilia. Katika hadithi ya kale, Orpheus, anayemrudisha mkewe Eurydice kutoka kuzimu, anakatazwa kugeuka nyuma njiani tu. Cocteau anawafikisha nyumbani wawili hao, na marufuku inabaki pale pale: mume aishi na mkewe bila kumtazama kamwe, mpaka anapomwona kwenye kioo cha gari. Na mapenzi makubwa ya filamu ni ya mjumbe wa mauti, aitwaye Binti Mfalme, kumpenda mshairi. Hayo hayamo kwa washairi wa kale Virgil wala Ovid. Waliomwita Binti Mfalme huyo Mauti yenyewe, Cocteau aliwajibu kwamba yeye si Mauti, kama vile mhudumu wa ndege asivyo malaika.

Ugonjwa huu wa kudai maelezo kwanza huanzia darasani, mwanafunzi wa fasihi anapoamriwa kutaja ishara tano na kuzieleza. Hakuna anayemuuliza kama hadithi ilimgusa.

Wapo wanaodai kwamba bila maelezo watu watachoka na kutoka. Mbona filamu ya Orfeu Negro ya Marcel Camus, iliyoihamishia hadithi hiyo ya Orpheus kwenye kanivali ya Rio de Janeiro, ilishinda tuzo ya Palme d'Or mwaka 1959 na kupendwa duniani kote? Eurydice wake ni msichana aliyekimbilia mjini akimhofia mtu anayemwinda. Orfeu anafanya kazi kwenye tramu, na watoto wa mtaani wanaamini gitaa lake ndilo linalochomozesha jua. Nani anahitaji kamusi ya miungu hapo?