MTOTO MZITO WA KUSOMA SI MJINGA

Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure Unguja na Pemba. Tangu siku ile mzee wa Kipemba hana tena udhuru wa ada. Lakini kufungua mlango ni jambo moja, na kumwingiza mtoto ndani ni jingine. Hapa Chake Chake wapo watoto wanaokaa darasani mwaka hata mwaka, nao hawawezi kusoma mstari mmoja. Jina walilopewa ni wajinga. Wakoloni walituita sisi jina hilo hilo, na tulilikataa.

Mtume mtoto huyo sokoni bila ya karatasi, atakuletea kila kitu na chenji yake kamili. Mpe kitabu, "baba" huisoma "dada". Kila mtoto mdogo hukosea hivyo. Wenzake huacha, yeye hudumu nayo.

Wataalamu wanaiita hali hii disleksia, na si jambo la jana. Mwaka 1896 Pringle Morgan, daktari wa Kiingereza, aliandika habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili timamu aliyeshindwa kusoma. Leo inajulikana kuwa kasoro si ya macho wala ya akili. Ni uzito wa kuunganisha sauti na herufi, na mara nyingi hurithiwa. Basi baba anayemchapa mwanawe kwa hili ajiulize kwanza yeye alisoma vipi.

Kiswahili chetu huandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni bahati kubwa ambayo Mwingereza hana. Kwa hivyo mtoto wetu pengine hakosei sana, bali husoma polepole mno, hata akifika mwisho wa "hawakutuambia" mwanzo wake umeshampotea. Mwalimu hudhani ni mvivu. Tena mtoto wa Pemba ana herufi za namna mbili: skuli huanzia kushoto, chuoni huanzia kulia, na huko be, te na the hutofautiana kwa nukta tu. Wengi huhifadhi sura kwa masikio na kujificha humo. Siku wakiambiwa waoneshe neno kwa kidole, hukwama, na bakora hushuka. Bakora haijapata kumfundisha mtu nukta.

Dawa inajulikana. Sauti moja kwa wakati mmoja, mtoto aichore mchangani kwa kidole huku akiitamka, dakika chache kila siku, na asisimamishwe kusoma mbele ya wenziwe wakamcheka. Mchanga hauna bei. Kinachokosekana ni mwalimu aliyefundishwa kumtambua mtoto huyu, na darasa lisilofurika.

Wizara ya Elimu imekwisha kukubali elimu mjumuisho. Sisi tunataka ifike Wawi na Vitongoji kwa vitendo, na mtoto huyu aongezewe muda katika mtihani. Wanachama nao waliweke jambo hili mbele ya mkutano wa tawi, na wamwalike mwalimu wa skuli na wa chuo pamoja. Wafanye hivyo kabla ya msimu wa karafuu, maana mikarafuu ikiiva hatumpati mtu mkutanoni.